Mama Ukilala

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mliokuja kumsindikiza dada yetu, kabla ya kutaja siku aliyozaliwa liko kosa moja linalopaswa kutangulia, kwa kuwa mwenyewe aliagiza hivyo. Siku ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 1988, saa tisa alasiri, mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye huyu anayesoma karatasi hii mbele yenu, aliingia chumbani kwa marehemu, akavuta mto uliokuwa chini ya kichwa chake, akamshika kwapani na kumnyanyua mbele ya akina mama wa kanisa waliokuja kumwombea, akasema kwa sauti iliyosikika hadi uani, "Simama, dada. Mungu haombwi mtu akiwa amelala." Marehemu alisimama, kwa sababu alikuwa mtu wa heshima, akafika katikati ya sala, akatapika, akaanguka kwa magoti, na mdogo wake akawaambia wageni kwamba huo ni uvivu uliojitafutia jina la ugonjwa. Wapo hapa leo waliokuwepo siku ile. Kwa nini tumeanza na hilo, mtaelewa huko mbele.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya pili kutoka kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba mlinzi wa ghala na mama mshonaji, na siku zote alisema kwamba kitu cha kwanza alichokiona duniani ni mapovu, kwa kuwa upepo uliyachukua kutoka kwenye mifereji ya kiwanda na kuyapitisha dirishani, yakaelea juu ya kitanda cha mzazi. Mama yetu alimwambia mtoto mchanga haoni mbali, naye akajibu kwamba yalikuja karibu.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kanisa, kuanzia Januari 1965 hadi Novemba 1971, akamaliza darasa la saba akiwa na mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake, kisha akabaki nyumbani kusaidia kulea. Huyu anayesoma alizaliwa mwaka 1966, na kusema kweli alikulia mgongoni mwa marehemu, maana alibebwa mpaka miguu yake ikakaribia kuburuza chini, na majirani wakawa wanauliza kwa utani kati ya hao wawili ni nani anambeba mwenzake.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akapiga pasi mashuka kwa miaka kumi na minne, akisimama kutwa nzima ndani ya mvuke mweupe, na aliporudi nyumbani nguo zake zilikuwa bado na uvuguvugu, hata sisi wadogo tukawa tunagombania kukaa karibu naye. Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa kanisani na fundi saa, mtu mpole, aliyezungukwa na saa arobaini ukutani na ambaye hakuwahi kufika popote kwa wakati, hata siku hiyo ya harusi yake. Walingoja mtoto kwa miaka sita. Binti yao alizaliwa kwa upasuaji siku ya Jumamosi, tarehe 21 Mei 1988, na marehemu alichomwa sindano ya ganzi mgongoni, akawa macho muda wote, akamsikia mwanawe akilia upande wa pili wa shuka la kijani, akalitambua lile shuka kuwa alilipiga pasi mwenyewe.

Siku ya tatu kichwa kilianza. Akisimama au akikaa, kilimvuta kuanzia kisogoni hadi machoni kama kitu kinachoning'inia, masikio yakaziba, shingo ikakaza, na akilala tu, baada ya dakika chache, kilikuwa kimepoa. Hapo ndipo ulipokuwa msiba wake, kwamba kila aliyeingia kumjulia hali alimkuta amelala, ametulia, uso umejaa amani, akaondoka akisema huyu hana kitu. Alirudi hospitali mara mbili, na kwa kuwa alipimwa akiwa amelala, alipewa dawa za maumivu na kuambiwa uchovu wa uzazi utaisha. Mdogo wake alimbandika jina la Bibi Godoro, jina likaenea mtaani ndani ya siku mbili. Marehemu alimnyonyesha binti yake kwa ubavu, akala kwa ubavu, akamwomba Mungu kwa ubavu, akajifunza kuwatambua watu kwa nyayo zao, na dunia yake ikawa dari, ambako kulikuwa na doa la kahawia la maji ya mvua lenye umbo la bata, akawa anazungumza nalo. Katika siku hizo aliota ndoto ileile kila mchana, kwamba nyumba imejaa maji safi hadi usawa wa dirisha, na vitu vyote vinaelea polepole, saa za mumewe zikipiga chini ya maji kwa sauti ya mbali, mtoto akilala ndani ya beseni linalozunguka taratibu, naye mwenyewe ameelea hana uzito wala maumivu, kisha mahali fulani, hakujua wapi, maji yanaanza kutoka.

Siku ya Jumatatu, tarehe 11 Julai 1988, alimpeleka mtoto kwenye chanjo, akashindwa kungoja zamu yake akiwa amekaa, akajilaza kwenye benchi la ukumbini huku watu wakimcheka. Akapita mtaalamu wa usingizi, yule anayewachoma wagonjwa ganzi kabla ya upasuaji, mzee aliyevaa ndala za plastiki na kuitwa na wote Mzee Taratibu, akachuchumaa hadi macho yao yakawa sawa, akamuuliza swali moja, "Mama, ukilala kinapoa?" Marehemu alilia, kwa kuwa katika wiki saba lile jambo lilikuwa likitajwa kama shtaka, na huyu alikuwa wa kwanza kuliuliza kama swali.

Mzee Taratibu alimweleza kwamba ubongo wa mwanadamu unaelea katika maji, na maji hayo yanashuka hadi kwenye uti wa mgongo ndani ya mfuko mwembamba, na kwamba sindano iliacha kitundu ambacho kwa wengi huziba chenyewe kwa kupumzika na kunywa vizuri, lakini chake kiligoma, maji yakawa yanavuja, akisimama ubongo unakosa kitu cha kuushikilia juu, akilala unarudi kuelea. Akaongeza, kwa unyenyekevu, kwamba sindano ile alikuwa ameichoma yeye, akaomba radhi palepale benchini, jambo ambalo mdogo wa marehemu alisimuliwa jioni hiyo akaona aibu, lakini aibu haikumfikisha kwenye kuomba radhi ya kwake. Jumatano, tarehe 13 Julai, walichota damu kutoka mkononi mwa marehemu, kiasi cha vijiko vinne vya chai, wakaiingiza mgongoni kwa uangalifu karibu na kile kitundu, ili igande na kukiziba kama kiraka. Alilazwa kwa muda wa saa mbili, kisha akaambiwa aketi. Aliketi akakingoja kichwa, kama mtu anayemngoja mgeni aliyezoea kuja bila hodi, na hakikuja. Akatembea ukumbi mzima hadi chumba cha kufulia, akasimama ndani ya mvuke, wenzake wakazima pasi wamtazame.

Mdogo wake, ambaye kazi yake ni kupaka rangi, alikuja na ngazi akapaka dari ya chumba kile nyeupe pee, akidhani ndiyo msamaha. Marehemu alitazama juu akasema ahsante, kisha akauliza bata wake amekwenda wapi.

Mwaka 1990 aliomba kuhamishiwa wodi ya wazazi kama mhudumu, akadeki sakafu ile hadi alipostaafu tarehe 8 Machi 2018, na kwa miaka yote hiyo hakupita kitanda cha mama aliyezalishwa kwa upasuaji bila kuegemea mpini wa deki na kuuliza, kinakuuma kichwa, ukilala kinapoa? Wauguzi walimtania kuwa daktari wa deki, na daktari mmoja kijana alimkumbusha kwamba yeye ni mhudumu, naye akajibu, "Ndiyo, daktari, ndiyo maana mimi nauliza tu, kutibu ni kwako." Daktari alicheka, kisha akaenda kumtazama mgonjwa, na kweli alikuwa anavuja. Akina mama wale ndio waliompa jina la Mama Ukilala, na lile la Bibi Godoro likafa. Yeye mwenyewe alichomwa tena mgongoni tarehe 30 Septemba 1992, alipozaliwa kijana wake, na Mzee Taratibu akachagua sindano nyembamba kuliko zote, kichwa hakikuuma. Mume wake alitangulia mwaka 2011. Ameacha watoto wawili na wajukuu wanne.

Mwaka 2022 madaktari waliona moyo wake umechoka, na kuanzia Oktoba 2023 ugonjwa ukageuza mambo, akawa hawezi tena kulala, kwani akilala pumzi inakatika, akawa anapumua vizuri akiwa ameketi tu. Mito haikumtosha. Akamwita mdogo wake aketi nyuma yake kitandani, amwegemee kifuani, na siku ya kwanza alipouegemeza mgongo wake alisema, "Mto umerudi." Mdogo wake, ambaye hakuweza kuuona uso wake, ndipo alipopata nguvu ya kuomba radhi kwa lile la mwaka 1988, miaka thelathini na mitano ikiwa imepita. Marehemu akasema, "Nilikusamehe siku ile ya dari, ingawa ulimfuta bata wangu. Ila usiliache nje ya historia yangu. Lianze, ili wasikie."

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 17 Januari 2024, alisimulia kwamba ile ndoto imekuja tena, na maji yamefika dirishani, na safari hii hayatoki. Saa nne kamili akapumua mara ya mwisho, akiwa ameegemea kifua hicho hicho, akiwa na miaka sitini na mitano. Ndipo tukamlaza chali.

Familia inawashukuru daktari wake wa moyo na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokezana kupika, akina mama wa kanisa, watoto wa marehemu Mzee Taratibu, na wenzake wa chumba cha kufulia, waliopiga pasi shuka alilolala nalo leo. Dada, pumzika kwa amani, na sasa lala kadiri upendavyo, hakuna atakayekunyanyua.

Kwenu mnaosikiliza ombi ni moja. Mkimkuta mtu nyumbani kichwa kinamuuma na hataki kuinuka, msimshike mkono kabla ya kumuuliza kama akilala kinapoa, na akisema ndiyo, mwaminini, kisha mpelekeni kwa daktari akiwa amelala.