Mama Mideva, Malkia na Meseji Zilizoitwa za Mkora

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maktaba yetu hapa Kakamega, Bi. Abigail Mideva anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wengi mnamwita Mama Meseji. Wachache mnakumbuka kwamba wasomaji walianza kwa kumwita mkora.

Aliajiriwa kupanga vitabu rafuni, akapanda hadi dawati la kuazima, na hapo hakubanduka tena. Kunyamazisha chumba cha kusomea hakukumtoa jasho: alivua miwani tu, na wanafunzi waliokuwa wakipiga umbea wakakumbuka ghafla wana mtihani. Saa nne alikuwa na chai na nduma yake, na ole wako umsumbue.

Zamani, msomaji wa Likuyani aliyeomba kitabu alifunga safari hadi mjini kuuliza kama kimefika, kisha akarudi mikono mitupu. Jambo hilo lilimkera Mama. Akachukua simu yake mwenyewe, akaanza kuwaandikia wasomaji kwamba kitabu kimefika, waje wachukue. Lo! Nani katika Kenya hii huamini namba ngeni inayomwambia kuna kitu chake mahali? Mzee Elkanah, mkulima wa Likuyani aliyeomba kitabu cha kufuga nyuki, alijibu: "Tafuta kazi, mkora wewe." Majibu ya wengine hayafai kuchapishwa humu.

Mama alicheka mpaka machozi, kisha akaandika upya: "Mzee, ni mimi Mideva wa maktaba, yule wa miwani. Malkia alizaa salama?" Malkia alikuwa ng'ombe wa Mzee, na kila Mzee alipokuja mjini tulisimuliwa habari zake tupende tusipende. Kesho yake Mzee alifika, kofia mkononi na jogoo kwapani. Jogoo huyo alitoroka akazurura kwenye rafu za historia hadi jioni. Tangu hapo hakuna meseji iliyotoka bila salamu ya mwenyewe: mgongo wa huyu, mtihani wa mtoto wa yule. Hata waongoza wageni wa Isecheno wakawa wanaagiza vitabu vya ndege wakiwa msituni.

Lakini laini ile ni yake, imesajiliwa kwa jina lake, na anaondoka nayo. Maktaba ikapata namba mpya, nikakabidhiwa mimi. Nikatuma meseji safi, za kiofisi, nikaitwa mkora na Likuyani nzima. Vitabu vilivyoombwa vikalala mezani. Nasema kweli, niliogopa. Niliona kazi yote ya Mama itafia mikononi mwangu, na wasomaji wa mbali watarudia zile safari za bure.

Mama hakunibembeleza. Alivuta kiti akanifundisha wasomaji wake mmoja mmoja, nani ana nini nyumbani, mpaka chai ikapoa bila kuguswa. Mnaomjua mnaelewa hiyo ni sadaka kubwa. Kisha akawaandikia kwa laini yake ya zamani: "Namba mpya ni ya Kipngetich wetu. Mjaribuni."

Wakanijaribu kwelikweli! Mzee Elkanah alitaka nimwambie Malkia yuko wapi. Nikamjibu kwamba Malkia alishazeeka akafa, pole sana, na sasa anayekamuliwa ni bintiye, Subira. Baadaye akaandika: "Sawa. Nitakuja Jumanne." Nilirukaruka nyuma ya dawati kama mtoto, na Mama akavua miwani, nikatulia.

Sasa yuko likizo yake ya mwisho, nyumbani karibu na Buyangu, na amejitosa katika ufugaji wa kuku. Alikuwa ameomba kitabu cha magonjwa yao. Jana nilimwandikia kwa namba mpya: "Mama, kitabu chako kimefika. Njoo uchukue."

Jibu lilirudi mara moja: "Tafuta kazi, mkora wewe. Hujawasalimu kuku wangu."

Asante, Mama, kwa kazi na kwa kila salamu. Pumzika, ule vizuri, Mungu akupe miaka mingi yenye amani. Kitabu tumekuwekea, chai ya saa nne ipo.

Na kuku, hawajambo?

Kipngetich, dawati la kuazima