Dawa Kinyumenyume

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo fundi cherehani wa kiti cha nyuma aliyasikia yote. Mbele yake, muuguzi aliyechoshwa mgongo na kunyanyua wagonjwa alikuwa akijifunza lugha ya kompyuta kwa mazoezi ya kwenye simu. Leo alitakiwa kuligeuza neno “dawa” lisomeke kinyumenyume, na simu ilikuwa imeshamkatalia mara kadhaa.

Jirani yake, mtengeneza programu, akashindwa kuvumilia. “Dada, nikuoneshe?”

“Hapana, kaka. Ukinionesha, utakuwa umejua wewe.”

“Mimi tayari najua!”

“Basi tulia.” Fundi akameza kicheko.

“Ungesoma kitabu kwanza,” jirani akasema.

“Nilikisoma chote. Nilipokifunga, kichwa cheupe.”

Akafuta mstari, akaandika mwingine. Simu ikajibu: “awad.” Muuguzi akashusha pumzi kama aliyetua mzigo.

Basi likasimama, akashuka.

“Iko njia fupi zaidi!” jirani akapaza sauti dirishani.

Muuguzi akaziba masikio, huku anacheka.