Mgonjwa Ataketi Wapi?

MAMA MUOKI: Haloo? Nani huyo anapigia simu nyumba isiyo na watu?

PHARES: Muoki! Niaje, bana! Mbona sauti imekauka hivyo? Skiza, niko hapa kwa gereji ya Barre, Industrial Area, nataka unishow kitu moja haraka—

MAMA MUOKI: Muoki ametoka na lori la kampuni. Mimi ni mama yake.

(Laini inakwaruza: krrr, krrr.)

MAMA MUOKI: Haloo? Umekufa?

PHARES: …Mama. Habari ya asubuhi, mama. Ni… ni Baba Akech.

MAMA MUOKI: Asi! Mume wa Kavinya?

PHARES: Huyo huyo. Nisamehe, mama. Ile “bana” ilikuwa ya Muoki.

MAMA MUOKI: Haikunifikia. Hicho kishindo ni cha nini?

PHARES: Nilikuwa nimekalia meza, sasa nimesimama. Na kofia nimevua.

MAMA MUOKI: Kofia ya nini, na sikuoni?

PHARES: Sijui, mama. Mkono umeivua wenyewe.

MAMA MUOKI: Basi ngoja nikate. Kwetu Ukambani mtu hapigi gumzo na mama mkwe wake.

PHARES: Hata kwetu Wajaluo, mama. Nikikuona njiani natakiwa niingie kichakani.

MAMA MUOKI: Huku Umoja hakuna vichaka.

PHARES: Ndiyo maana siku ile pale stejini kwa mabasi niliingia kwa kinyozi.

MAMA MUOKI: Nilikuona. Nikajiuliza, mtu wa kipara hivyo anaenda kunyolewa nini.

PHARES: (anakohoa) Lakini usikate, tafadhali. Kavinya yuko kazini, simu yao haishikwi. Muoki ndiye anajua magari, naye ndiyo huyo ametoka. Nataka kununua gari, na kuna pasta mmoja anaizunguka hiyo gari akipiga magurudumu mateke. Nikizubaa atalipa.

MAMA MUOKI: Gari? Wewe si unakaa Makongeni na ofisi ya reli iko hapo hapo? Si unatembea?

PHARES: Mimi natembea. Ni kwa ajili ya… kuna mgonjwa.

MAMA MUOKI: Mgonjwa gani?

PHARES: Mgonjwa fulani wa goti. Wa hapo Umoja.

MAMA MUOKI: Namjua.

PHARES: Anaendeleaje?

MAMA MUOKI: Anasema hajambo. Anadanganya.

PHARES: Amekosa kliniki, na daktari alisema mguu ukikaa hivyo utakauka, hautakunjika tena. Alhamisi lazima afike, na kila Alhamisi mpaka apone.

MAMA MUOKI: Nani amekuambia amekosa? Yeye alisema ameenda.

PHARES: Nilimwona kwa kioo cha kinyozi. Hakuweza kuinua mguu kwa ile ngazi ya basi. Konda akampigia dereva bati, basi likaondoka, akabaki amesimama ameshika mkoba. Kisha akarudi nyumbani polepole.

MAMA MUOKI: (krrr)… Haya. Ni gari gani hiyo?

PHARES: Ziko tatu. Ya kwanza ni ndefu, nzuri sana, ya otomatiki. Inajibadilishia gia yenyewe.

MAMA MUOKI: Na betri ikifa?

PHARES: Inalala hapo hapo. Ukisukuma haiwaki.

MAMA MUOKI: Achana nayo. Lori la marehemu Baba Muoki lilisukumwa na kanisa zima kila Jumapili, na likawaka. Gari lisilokubali kusukumwa ni la watu wasio na majirani.

PHARES: Na inakunywa petroli kama harusi inavyokunywa soda. Na hiyo ndiyo Barre ananisukumia tangu— (kando) Barre, tulia basi, naongea na mzazi! (kwa simu) Ya pili ni Starlet nyeupe. Ndogo, gia ya mkono, injini iko fiti, petroli inainusa tu.

MAMA MUOKI: Hiyo ni nzuri.

PHARES: Nzuri sana. Ila ni ya milango miwili.

MAMA MUOKI: Sasa mgonjwa anaingiaje nyuma?

PHARES: Natoka, nakunja kiti changu, halafu namshika mk—

MAMA MUOKI: Unamshika nini?

PHARES: Hashikwi, mama. Hashikwi kabisa.

MAMA MUOKI: Na akikaa mbele?

PHARES: Hapo katikati ndipo gia iko. Nikitia ya kwanza au ya pili, mkono unaenda mpaka karibu na goti.

MAMA MUOKI: Goti la nani?

PHARES: La mgonjwa, mama. Na Jogoo Road, vile unaijua, ni ya kwanza na ya pili mpaka mjini.

MAMA MUOKI: Milango minne, Baba Akech.

PHARES: Ndiyo ya tatu! Datsun ya kijani. Milango minne, gia ya mkono, na petroli haina makuu. Ni kuukuu, lakini Owino, fundi wetu wa reli, ameilalia chini hapa asubuhi yote. Anasema haina moshi na haivuji. Hiyo ndiyo pasta anapiga mateke.

MAMA MUOKI: Iwashwe nisikie.

PHARES: (kando) Barre! Washa ile green! Fungua mlango wa ofisi, mzazi asikie!

(Krrr. Mngurumo mdogo, hauchoki.)

MAMA MUOKI: Haikohoi.

PHARES: Haikohoi, mama.

MAMA MUOKI: Basi mbona hujalipa? Ulikuwa unampigia Muoki akuambie nini?

PHARES: Nilitaka kumuuliza habari ya kioo.

MAMA MUOKI: Kimevunjika?

PHARES: Kizima. Ndiyo shida. Kile cha ndani, cha kuangalia nyuma. Mgonjwa akikaa nyuma, nikiinua macho, tunaangaliana uso kwa uso mpaka hospitalini.

MAMA MUOKI: Uuh. Hilo sikulifikiria.

PHARES: Nimelifikiria wiki mbili. Nikiking'oa, polisi watanishika. Nikikigeuza, basi litanipanda mgongoni.

MAMA MUOKI: Na mgonjwa akikaa nyuma yako kabisa? Ataona kisogo tu. Kisogo si uso.

PHARES: Mimi je, nitamwona? Ngoja, nimpeleke Owino akae hapo, nijaribu. Usikate, mama. Naweka simu mezani.

(Kishindo. Nyayo zinaenda.)

MAMA MUOKI: Nenda, nenda. (Anajisemea.) Na walisema Kavinya ameolewa na watu wa mbali, watamsahaulisha mama yake. Miaka yote hii mume wake namjua kwa mgongo tu, akinikimbia kwa heshima. Kumbe ana sauti ya upole hivyo. Goti limeniuma mpaka nikalia chooni Muoki asisikie, Kavinya naye nikamficha. Na huyu ambaye hatakiwi kuniangalia ndiye ameona.

(Krrr.)

PHARES: …Mama.

MAMA MUOKI: Asi! Si umeenda?

PHARES: Nilirudi kuchukua kofia.

(Krrr. Krrr.)

MAMA MUOKI: Umesikia nini?

PHARES: Laini ni mbaya sana leo, mama.

MAMA MUOKI: Mbaya kabisa. Chukua kofia uende.

(Nyayo. Mlango wa gari. Mwingine. Nyayo zinarudi mbio.)

PHARES: Mama! Owino akikaa nyuma yangu simwoni hata sikio. Safi kabisa!

MAMA MUOKI: Na akikaa upande ule mwingine?

PHARES: Huko namwona uso mzima, mpaka meno. Lakini si lazima—

MAMA MUOKI: Nyuma ya dereva kuna nafasi ya kunyoosha goti?

PHARES: Kuna… hapana. Mimi miguu yangu ni mirefu, kiti kimerudi nyuma kabisa.

MAMA MUOKI: Basi mgonjwa ataketi upande ule mwingine. Ni kwa sababu ya goti.

PHARES: (polepole) Kwa sababu ya goti. Nitaangalia barabara, mama. Naapa.

MAMA MUOKI: Angalia barabara. Lakini mara moja moja dereva lazima ajue kama mgonjwa wake yu mzima.

PHARES: …Asante, mama. (kando) Pasta! Pasta, toa mkono mfukoni, hiyo imeenda! (kwa simu) Barre anataka simu yake, mama, ananivuta shati.

MAMA MUOKI: Alhamisi, saa mbili. Usishuke kunifungulia mlango.

PHARES: Sishuki. Nitapiga honi.

MAMA MUOKI: Usipige honi, majirani watachungulia. Nitasikia gia. Na Baba Akech—

PHARES: Naam, mama?

MAMA MUOKI: Muoki akikuuliza, ulipiga simu hapa ukapata nani?

PHARES: Nilipiga, ikalia sana. Hakukuwa na mtu.

MAMA MUOKI: Vizuri. Sasa vaa kofia, utaugua.