Fataki ya Mwisho ya Mzee Baiti

Tarehe 31 Desemba, Mzee Baiti, fundi wetu mkuu wa kompyuta, anastaafu baada ya kulitumikia shirika hili kwa miaka thelathini na minne. Kamati ya jarida imeniagiza mimi, niliyekaa naye chumba kimoja cha ufundi, niandike maneno mazuri yenye bashasha. Maneno mazuri ninayo. Bashasha nitajitahidi.

Alianza kwa kuvuta nyaya, akapanda hadi fundi mkuu, na hapo akaachwa wakati aliowafundisha kazi wakimpita kwenda juu. Hakununa. Alitutania tu kwamba mabosi wote wa jengo hili ni wanawe, ila hawaji kumjulia hali.

Jina la Baiti tulimpa kwa sababu ya shindano la mwisho wa mwaka, ambalo yeye ndiye mwanzilishi wake. Shirika lilipoleta kompyuta mpya, zile kuukuu alizitunza stoo, akazipangusa vumbi na kuzifufua moja moja. Sherehe ya wafanyakazi ikikaribia, alizipanga ukumbini na kutoa kazi: andika programu ya kuchora pambo la sikukuu kwenye skrini, nyota, mshumaa au fataki. Anayetumia baiti chache kuliko wote, yaani vile vipimo vidogo vya kumbukumbu ya kompyuta, ndiye mshindi. Kumbukumbu ya mashine zile ni ndogo mno, hata picha moja ya simu yako isingeenea. Basi ungemkuta mhasibu na mlinzi wa getini wamekunja nyuso, wanabana hapa, wanapunguza pale, kama watu wanaofunga sanduku lililojaa nguo kupita kiasi.

Mwaka mmoja Mzee alimshinda dada wa mapokezi kwa baiti moja. Kumbe baiti aliyoiondoa ndiyo iliyokuwa ya kuisimamisha programu! Nyota zikamwagika bila kikomo ukutani, projekta ilikomulika, nyuma ya mkurugenzi aliyekuwa akihutubia, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mzee akajiondoa mwenyewe, kombe akampa dada.

Mwezi Agosti aliulizwa angependa zawadi gani ya kuagwa. Aliomba mashine moja tu, nyingine zibaki ili shindano liendelee. Akajibiwa kwamba mali ya shirika haigawiwi ovyo, lazima utaratibu ufuatwe. Ukafuatwa kweli: Oktoba, akiwa likizo, zote ziliuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hakuna aliyejisumbua hata kumpigia simu. Aliporudi na kufungua stoo, alikuta maboksi ya karatasi. Akaketi juu ya boksi moja. Niliudhika sana siku ile, na hadi leo sijapoa.

Ijumaa iliyopita, kwenye sherehe, badala ya shindano tuliletewa bahati nasibu. Mzee alipopewa kipaza sauti aage, alitangaza kwamba programu yake ya mwaka huu inachora fataki, na ndiyo fupi kuliko zote alizowahi kuandika. Kisha akaitaja yote kwa kichwa, namba baada ya namba, taratibu, namba zinazoeleweka na mashine zile kuukuu tu. Wengi walicheka na kupiga makofi wakidhani ni utani wake. Mkurugenzi alitazama saa. Mimi nilizifuata namba zile hadi ya mwisho, na hazina kosa. Jengo zima halina mashine ya kuzionyesha.

Asante kwa yote, mzee wetu. Tunakuombea siha na utulivu, wewe na mama nyumbani. Na utuwie radhi: fataki yako tuliipigia makofi bila kuiona.