Pampu na Mtambo

Dobi alikuwa amepakata furushi la shuka za wodi ya wazazi, chafu vile vile alivyozichukua juzi, akasikia abiria wawili wa kiti cha mbele wakilalamikiana.

"Nakwenda ofisi ya umeme," alisema mwenye kofia. "Bila umeme pampu yetu haivuti maji. Namtaka fundi mkuu wao, ana kwa ana."

"Hutamkuta," alijibu mwenye miwani. "Fundi mkuu ni mimi, na nakwenda ofisi ya maji. Mtambo wetu ni wa enzi za babu, usipopozwa kwa maji hauzalishi umeme. Namtaka fundi mkuu wao."

"Ndiye mimi."

Dobi akashusha pumzi. Kumbe leo atafua na kupiga pasi. "Kaka zangu, si mmeshakutana? Malizaneni hapa hapa."

Wakamgeukia kama mtu aliyecheka msibani.

"Dada, mambo ya ofisi huzungumzwa ofisini."

Basi likasimama. Ofisi zao zilitazamana, barabara katikati. Wakapeana mikono kwa heshima, wakaachana. Kupitia dirisha la basi dobi aliwaona: kila mmoja ameketi kwenye benchi la barazani, nje ya ofisi ya mwenzake, akimsubiri mwenye ofisi arudi.