Kitenge Mlangoni kwa Mwalimu Asheri

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Asheri Shemweta alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 karibu na Soni, wilayani Lushoto, akasoma huko huko, kisha akasomea ualimu Korogwe, na mwaka 1974 akapangiwa shule ya msingi hapa Usagara, ambako alifundisha hesabu hadi alipostaafu mwaka 2011. Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Bibiana, wakajaliwa watoto wawili, Robert na Brightness.

Mwaka 2002 Brightness alipokwenda ng'ambo na mumewe, Mwalimu alinunua kompyuta ili waandikiane. Fundi alimshauri aweke mtandao wa nyumba nzima, wenye kompyuta ya kuziongoza nyingine, lakini yeye alichagua waya mmoja tu, kutoka simu ya mezani hadi kwenye modemu, kile kisanduku cha kuipitisha intaneti kwenye laini ya simu, na kutoka modemu hadi kwenye kompyuta, akisema kwamba kitu asichoweza kukifuata kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho hawezi kumfundisha mtoto.

Ubaya wake ni kwamba kompyuta ikishaunganishwa, simu haiingii. Tarehe 14 Novemba 2003 Brightness alipiga asubuhi nzima amweleze mama yake kwamba amejifungua, asipate, kwa sababu baba alikuwa ameishika laini akimwandikia yeye huyo huyo kumuuliza hali. Bibiana alimwambia, Baba Robert, umemfungia mtoto mlango, halafu unambishia hodi dirishani. Tangu hapo, laini ikishikwa, Bibiana alitundika kitenge cha kijani mlangoni, na majirani waliokuja kungojea simu za ndugu zao wakikiona walikaa barazani kimya, hata Bi Mwanamkasi, ambaye kungoja si kawaida yake.

Simu za mkononi zilipoenea, modemu iliwekwa kabatini, kitenge kikabaki, na Mwalimu alipopatwa na kiharusi Agosti 2023, kilitundikwa kila alipolala. Tarehe 3 Juni mwaka huu, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani. Bibiana alitundika kitenge, akarudi kuketi kando ya kitanda, na majirani wakakaa barazani wakingoja aamke. Adhuhuri Bibiana alitoka, akakishusha, akampigia Brightness, simu ikapokelewa mara moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, na majirani wote mliokaa pale barazani bila kubisha.

Kitenge kimekunjwa. Pumzika kwa amani, Mwalimu.