Mama Beldina Musimbi, Mpishi wa Safari Zetu, Anaweka Mwiko Chini

Tembo wa Mlima Elgon wananijua kwa jina. Wakinusa gari letu linapanda, hujipanga kando ya barabara ili mimi, Griffin Wanjala, niwaonyeshe wageni nani ni nani. Naanza na hilo msomaji ajue anasimuliwa na mtu mzito, asije akashangaa kwamba bosi, mwenye wafanyakazi waliosoma mpaka wakavaa majoho, alinipa mimi ukurasa huu. Mimi nilisoma chuo cha Sigalagala muhula mmoja na nusu, tukaachana kwa amani.

Sasa tuje kwa mwenye siku. Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mama Beldina Musimbi anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuwapikia wageni wa kampuni yetu ya Tembea na Lusweti, yenye ofisi hapa Amalemba. Alipoajiriwa mimi sikuwa nimezaliwa, jambo analonikumbusha kila nikimwambia chumvi imezidi.

Kisa cha kuajiriwa kwake ni hiki. Bosi Lusweti alikuwa amewapeleka akina mama wa kanisa moja la Shinyalu kutazama Ziwa Nakuru, na chakula cha mchana kikawa mkate na soda. Wakaona flamingo, wakaona twiga, wakaona kifaru na mtoto wake. Waliporudi nyumbani wakaulizwa habari za safari, wakajibu kwamba walishinda njaa. Kifaru hakutajwa. Mtu wa huku hajafika mahali mpaka ale obusuma, ugali wetu, pale, kwa hiyo bosi alikuwa amewatoa watu kwao na kuwarudisha bila kuwafikisha. Wiki iliyofuata alimwendea mwanamke aliyekuwa akiuza ugali na samaki karibu na soko, akamwomba apande gari na sufuria zake. Akapanda. Hajashuka mpaka mwezi huu.

Tangu hapo Mama amesonga ugali chini ya Jiwe Linalolia la Ilesi, Kit Mikayi, Mlima Elgon, Nakuru, na hata Mombasa mara moja. Kila mahali pa kihistoria anapakumbuka kwa jiko lake. Kit Mikayi upepo unazunguka. Elgon kuni ni mbichi. Fort Jesus askari hawataki moshi, ingawa ukuta wenyewe, anasema, tayari ni mweusi. Kule Nakuru kuna nyani aliyewahi kunyakua ingokho, kuku mzima aliyechemshwa. Mama hakupiga kelele. Alimfuata na mwiko hadi chini ya mti, akamtolea maneno ya Kiisukha ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ya kampuni, na nyani akaangusha paja moja. "Angalau huyu ana adabu," akatuambia. "Nyinyi hamrudishangi kitu."

Kwa sababu ya nyani kama hao, sufuria haiachwi peke yake. Ndiyo maana Mama Beldina ameenda mbuga nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, ukiniondoa mimi, na hakuna hata moja aliyoiona kupita pale jiko lilipo. Wageni wakiondoka na dereva wetu Willis, yeye hubaki na moshi. Wakirudi, huwauliza wameona nini huku akiwapakulia, na anayesimulia vizuri huongezewa mchuzi. Hayo yote aliyapokea bila kinyongo, isipokuwa habari ya mnyama mmoja: nzohe, yule swala wa matopeni ambaye wengi humwita sitatunga, anayeishi kwenye kinamasi cha Saiwa, huko karibu na Kitale. Wageni walimwambia kwamba akiogopa huzama majini akabakisha pua. Mama alikataa katakata. "Mnyama wa pembe azame kama kiboko? Hiyo mlishikwa na njaa mkaota."

Lakini jambo lilimkaa moyoni. Mwaka huu bosi alipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, akimtajia blanketi na saa ya ukutani, Mama alijibu kwamba blanketi anazo, na saa ni ya mtu anayechelewa. Alitaka kitu kimoja tu: amwone huyo nzohe kwa macho yake kabla ya kurudi Shinyalu kwenye chai yake na kuku wake.

Lazima niguse habari ya firigisi, maana nisipoiandika Willis ataisimulia vibaya. Kwetu firigisi ya kuku, mke humpa mumewe, haichezewi. Sasa, katika safari ya kwenda kwenye makaburi ya wafalme kule Matungu, kijana mmoja mtanashati aliyekuwa akigawa sahani, jina lake si muhimu, aliiweka mbele ya Mzee Shikanga, mkulima wa miwa aliyefiwa na mkewe. Mzee aliitazama firigisi, akamtazama mpishi, akaila polepole. Jumatatu akawa ofisini, amevaa koti, amebeba kuku hai. Mama alimkaribisha kwa heshima, akampa chai, kisha akamwambia, "Mzee wangu, firigisi ilipotezwa njia na huyu mtoto. Wewe usiifuate." Mzee alicheka mpaka akamwaga chai. Kuku alibaki. Tulimla Jumamosi, na firigisi Mama aliila mwenyewe, mbele yetu, bila kumtazama mtu.

Msimwone mkali. Wakati wa korona gari letu lilisimama nyuma ya ofisi mpaka nyasi zikaota kwenye magurudumu. Mimi nilikuwa mgeni kazini, sijapata hata sare. Mama alirudi sokoni na sufuria zake zile zile, na kila Ijumaa alituita wote tule. Hakuuliza nani ana nini. Ukijaribu kumshukuru, anakutuma maji. Kama leo nina kifua hiki kipana cha kujisifia, kimejengwa na ugali wake.

Safari yake ya mwisho tuliifanya mwezi uliopita, Saiwa, wafanyakazi na bosi peke yetu. Kwa mara ya kwanza gari liliondoka bila sufuria. Abigail wa ofisini alipika chapati na kuku nyumbani kwake, na kabla hatujafika Webuye Mama alikuwa ameonja kila kitu, akasema hakitaua mtu. Saiwa hakuna kuzunguka na gari. Unatembea kwa miguu juu ya mbao zilizopangwa kwenye kinamasi, halafu unapanda roshani iliyojengwa mtini. Mama alipanda wa kwanza, na gauni lake la kanisani. Akavua viatu, akaegemea nguzo, akakunja mikono. Willis akaamuru kimya huku akinitazama mimi. Naapa nilinyamaza. Kima wenye ndevu nyeupe wakapita juu yetu kama wazee wa kanisa waliochelewa kikao. Tulikaa mpaka jua likainama, tukashuka, tukala. Nzohe hakuonekana, na Mama ndiye aliyetufariji. "Hata mnyama ana haki ya kukataa wageni," alisema, akamwongezea Willis paja.

Mama Beldina, kampuni nzima inakushukuru. Umetufikisha kila mahali tulikoenda. Nenda Shinyalu ukae kitini, wajukuu wakusongee ugali, na wakikosea uwaambie. Tunakuombea miguu isiyouma, mvua ya kutosha kwenye chai, na majirani wanaojua kusimulia.

Bosi alitaka niishie hapo. Lakini yeye aliniambia niandike ukweli, na ukweli umebaki huku chini.

Mama, kule roshani ulilala. Ulilala mdomo wazi kidogo, mikono bado imekunjwa. Hakuna kati yetu aliyewahi kukuona umelala, maana kwenye safari zetu wewe ndiwe hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Na wakati huo nzohe alitoka. Jike, na mtoto nyuma yake. Walitoka kwenye matete polepole, kwato zao ndefu zikikanyaga juu ya tope bila kuzama, wakasimama mbele yetu wakinywa maji. Abigail alinyoosha mkono akugusie bega. Willis akamzuia. Bosi akaweka kidole mdomoni. Nami niliyekuwa nimeketi karibu nawe kuliko wote, nikakuona ulivyopumzika, nikashindwa kukuamsha. Kisha tawi likavunjika mahali fulani, na yule jike akaingia majini, akazama mwili wote, ikabaki pua.

Ulipoamka ulituuliza kama ametoka. Tukasema bado. Sisi sote, hata bosi, na yeye ni mzee wa kanisa.

Safari ilikuwa yako, Mama. Tulipaswa kukuamsha.